Kasisi Mzee na Kikanisa Chake

Somo: 1 Samweli 3:1-10

Ninyi mlioko shambani na kiredio kimetundikwa mtini, ninyi mlioko jikoni, nanyi mlio safarini, karibuni tukae pamoja kwa kitambo kidogo. Aliye na Biblia karibu na aifungue katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa tatu. Humo tunamkuta mzee Eli, kuhani wa Shilo. Macho yake yameanza kuingia giza, naye amelala mahali pake. Taa ya nyumba ya Mungu bado inawaka. Karibu na sanduku la agano amelala mtoto ambaye hajapata kuisikia sauti ya Bwana. Wengi wetu tukiisoma habari hii hukimbilia kwa mtoto, kwa kuwa ndiye mwenye kesho. Leo tungependa kubaki kidogo na yule mzee.

Maana habari ya kasisi mzee na nyumba ya ibada isiyojua mrithi wake haikuishia Shilo. Ipo hata siku zetu. Habari tutakayoieleza si ya kanisa letu bali ya ndugu zetu Wakatoliki, na hasa ya wale wachache miongoni mwao wanaoishika Misa ya kale, ile ya Kilatini. Katika nchi nyingi za dunia wana vikanisa vidogo, na kikanisa cha namna hiyo mara nyingi husimama juu ya kasisi mmoja mwenye mvi. Waumini wake huhesabu miaka yake jinsi mama wa Kakamega anavyoyahesabu mahindi ghalani mwezi wa tano, mavuno yakiwa bado mbali. Huulizana kwa sauti ya chini: huyu baba akilala, ni nani atakayesimama madhabahuni?

Pengine msikilizaji mmoja atasema, Kilatini cha Wakatoliki kinatuhusu nini sisi Waprotestanti? Tumwombe avumilie. Tutaanza nyumbani, kisha tutatoka, nasi tutarudi.

Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903, wakapanda hadi Mumias mwaka 1904, na mwaka 1906 wakafungua misheni ya Mukumu katika nchi ya Waisukha, kando ya njia itokayo Kakamega kwenda Kisumu. Marafiki walikuwa wamekwisha kujenga Kaimosi tangu 1902. Wetu wa CMS walianza Maseno mwaka ule ule wa 1906, na Butere mwaka 1912. Kwa hiyo mtoto wa Kiluhya wa siku zile alikua akisikia kengele zaidi ya moja. Nyumba moja iligawanyika, ndugu huyu akaenda Kaimosi, huyu Butere, huyu Mukumu, na siku ya matanga wote walikutana chini ya mti mmoja na kubishana juu ya nyimbo zipi ziimbwe.

Sisi tuliosomea upande wa misheni za Kiprotestanti tulipewa kitabu katika lugha tunayoifahamu, tukaambiwa tusome. Kule Mukumu mafundisho yalitolewa kwa lugha ya watu, lakini Misa yenyewe ilikuwa ya Kilatini, na kasisi aliisoma akielekea madhabahu, mgongo wake ukiwa kwa watu. Baba zetu waliwacheka majirani wao kwa jambo hilo. Walisema, mnaitikia msichokijua. Tusiridhike upesi na kicheko hicho. Vijana waliomtumikia kasisi walijifunza majibu yale kwa moyo, neno kwa neno, na wengine waliyakumbuka hata uzeeni walipokuwa wamesahau mengi. Tena Kilatini kilikuwa na wema mmoja ambao sisi hatukuufikiri: hakikuwa lugha ya kabila lolote. Mwisukha, Mjaluo, Mkamba na padre wa Kiholanzi walikuwa wageni sawasawa mbele yake.

Kisha likaja Baraza Kuu la Vatikani, ambalo wenyewe huliita Mtaguso, lililokaa Roma kutoka mwaka 1962 hadi 1965. Tarehe 4 Desemba 1963 Baraza lilipitisha hati iliyofungua njia kwa lugha za watu kuingia katika Misa. Siku nane baadaye, tarehe 12 Desemba, bendera ya Kenya ilipandishwa. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa jingine, ila mtu wa Mukumu aliyekuwa hai wakati ule aliona mambo mawili makubwa yakibadilika ndani ya majira mamoja, serikali yake na sala yake. Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita alitoa kitabu kipya cha Misa, kikashika mahali pa kile kilichotoka kwa Papa Pius wa Tano mwaka 1570. Kasisi akageuka kuwatazama watu. Kilatini kikaondoka. Mwaka 1978 Kakamega ikapata dayosisi yake ya Kikatoliki, na askofu wake wa kwanza akawa mwana wa nchi, Philip Sulumeti. Leo ukipita kando ya kanisa la Kikatoliki katika sehemu hizi siku ya Jumapili utasikia Kiswahili, utasikia Kiluhya, utasikia ngoma.

Waprotestanti wengi tulisema, afadhali, sasa wamefika tulipofika sisi zamani. Ni kweli kwamba Askofu Mkuu Thomas Cranmer alilifanya jambo hilo Uingereza mwaka 1549, alipowapa watu Kitabu cha Sala kwa Kiingereza. Lakini tulipokuwa chuoni tukisoma historia ya kanisa letu tulikuta pia ukurasa ambao hausomwi sana kanisani. Mwaka ule ule wa 1549 watu wa majimbo ya Devon na Cornwall waliinuka kuipinga ibada mpya. Walitaka Misa yao ya kale. Wale wa Cornwall walisema kwamba baadhi yao hawajui Kiingereza, basi lugha mpya haikuwa karibu nao kuliko Kilatini. Waliuzingira mji wa Exeter kwa majuma kadhaa. Serikali ilipeleka jeshi, na maelfu ya wanavijiji wakauawa. Kitabu tunachokipenda, ambacho wazee wetu wamezikwa nacho, kilianza safari yake juu ya makaburi hayo.

Hilo la Exeter tulishike, maana litarudi.

Kitabu kipya cha Wakatoliki kilipotoka, kulikuwa na swali la makasisi wazee. Mtu aliyeisoma Misa moja kwa miaka hamsini, macho yake yamefifia, anaikumbuka kwa moyo kuliko kwa kusoma, utamwambiaje ajifunze upya? Roma iliwahurumia. Kasisi aliyezeeka aliruhusiwa kuendelea na kitabu chake cha kale, kwa sharti moja: aisome Misa hiyo bila watu.

Ndugu wasikilizaji, tumelitafakari sharti hilo mara nyingi, na kila mara linatutia baridi. Huruma ilikuwamo ndani yake, hatukatai. Lakini huruma hiyo ilikuwa na ukuta. Mzee aliachiwa sala yake kama vile babu anavyoachiwa kiti chake cha zamani pembeni mwa nyumba, akae nacho hadi atakapoondoka, kisha kiti kitolewe nje. Hakuna aliyeruhusiwa kuja kukaa karibu naye na kujifunza. Naam, pale Shilo Eli alikuwa kipofu, tena mwenye makosa mengi, lakini palikuwa na mtoto aliyelala karibu.

Huko Uingereza, mwaka 1971, watu mashuhuri wengi walitia sahihi barua ya kumwomba Papa asiifute kabisa Misa ile. Hawakuwa Wakatoliki wote. Alikuwamo Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi, ambaye alikuwa Mwanglikana. Walikuwamo pia maaskofu wawili wa kanisa letu, askofu wa Ripon na askofu wa Exeter. Ndiyo, Exeter ile ile. Watu walioizingira wakitaka Misa ya Kilatini walikuwa wameoza mavumbini kwa zaidi ya miaka 400, na sasa askofu wa Kianglikana mwenye kiti katika mji ule alikuwa akiwaombea wenzao. Papa alikubali, na mwezi wa Novemba mwaka huo maaskofu Wakatoliki wa Uingereza na Wales wakapewa ruhusa ya kuiacha Misa hiyo isomwe mara mojamoja, pamoja na watu. Sisi tunalihesabu jambo la maaskofu wale wawili kuwa miongoni mwa mema yaliyotendwa na kanisa letu katika karne ile, ingawa ni dogo na wengi hawalijui.

Sasa tuutazame ugumu wenyewe. Kwa imani ya Wakatoliki, pasipo kasisi hakuna Misa, na pasipo askofu wa kumwekea mikono hakuna kasisi. Mnyororo ule ukikatika, watu wanaweza kukusanyika, wanaweza kuimba na kusali, lakini madhabahu yao inabaki kimya. Sisi Waanglikana twalielewa hilo kuliko ndugu zetu wengi Waprotestanti, kwa sababu sisi nasi tuna maaskofu, na sisi nasi tulipata kuona mnyororo wa namna hiyo ukikatika.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1688 Mfalme James wa Pili wa Uingereza aliwatia gerezani maaskofu saba kwa sababu walikataa kuitangaza makanisani amri yake. Miongoni mwao walikuwa Askofu Mkuu William Sancroft na Askofu Thomas Ken. Kabla ya mwaka kwisha mfalme huyo alikimbia nchi, na William na Mary wakatawazwa. Makasisi wote wakatakiwa kuwaapia watawala wapya. Hapo Sancroft na Ken, waliofungwa na James, wakakataa kumwapia aliyekuja baada yake, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kumwapia James na kiapo hakitoki kinywani mara mbili. Mtu mwenye akili za dunia hii atawaona wajinga. Walinyang'anywa viti vyao pamoja na maaskofu wengine, na makasisi wapatao 400 wakapoteza parokia zao. Sancroft alirudi kijijini kwake Fressingfield, akafa huko mwaka 1693. Ken alipewa malazi na rafiki, akafa katika nyumba hiyo mwaka 1711. Ubeti ule wa kumsifu Mungu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, tunaoufunga nao ibada mara nyingi bila kumfikiri aliyeutunga, ulitoka katika kalamu ya Ken.

Baadhi ya wenzao waliamua kwamba kanisa lao dogo lisife. Mwaka 1694 waliwaweka wakfu maaskofu wawili kwa siri, wakaendelea hivyo katika nyumba na vyumba vya faragha. Kisha wakaanza kugombana wao kwa wao juu ya desturi za Ushirika Mtakatifu, kama kundi dogo linavyopenda kugombana, wakagawanyika. Walipungua mwaka kwa mwaka. Askofu wao wa mwisho alikufa mwaka 1805. Ken hakuutaka mwendo huo. Alikishika kiapo chake mpaka mwisho, lakini hakutaka ugomvi uendelee baada ya wale walioapa kufa, na alipopatikana rafiki mwema wa kukikalia kiti chake cha Bath na Wells alimwachia haki yake kwa amani. Wapo wanaomwona Ken kuwa mlegevu. Sisi twamwona kuwa ndiye aliyejua tofauti kati ya dhamiri yake na urithi wa watoto wa wengine.

Ufaransa ilitoa mfano mwingine, nao unasikitisha zaidi. Mwaka 1801 Papa Pius wa Saba alipatana na Napoleon, na ili mapatano yakae akawaomba maaskofu wote wa Ufaransa wajiuzulu. Wengine walikataa, na waumini wao wakawafuata. Watu wakawaita Kanisa Dogo. Maaskofu hao, kwa kumheshimu Papa hata walipombishia, hawakuweka wakfu askofu yeyote wa kuwarithi. Wa mwisho, askofu wa zamani wa Blois, alikufa mwaka 1829. Makasisi nao wakafuatana mmoja mmoja kaburini, na kufikia katikati ya karne ile hapakuwa na hata mmoja. Je, watu walitawanyika? Hawakutawanyika wote. Katika vijiji vya mkoa wa Deux-Sèvres, na katika mji wa Lyon, walibaki na vitabu vyao. Mzee wa familia aliongoza sala. Watoto walibatizwa na mikono ya watu wa kawaida. Kijijini Courlay wana kanisa lao la La Plainelière, na vizazi kwa vizazi wamekusanyika mbele ya madhabahu isiyosomewa Misa. Jamii hiyo ingalipo.

Basi aliyejua habari hizo mbili angeweza kutabiri kwamba siku moja mzee mmoja atashindwa kuvumilia. Naye alikuwa mzee aliyetoka Afrika. Marcel Lefebvre, Mfaransa, alikuja Gabon kama mmisionari mwaka 1932. Baadaye aliongoza kanisa la Dakar huko Senegal hadi mwaka 1962. Hakuyapokea mabadiliko yaliyofuata Baraza la Vatikani, hasa ya Misa, na mwaka 1970 alianzisha Shirika la Mtakatifu Pius wa Kumi ili kuwafundisha makasisi kwa njia ya kale. Papa alimsimamisha kazi mwaka 1976, naye akaendelea. Kisha akafikisha umri wa miaka 82. Alikuwa na makasisi wengi vijana na hakuna askofu wa kuwawekea wengine mikono baada yake. Tarehe 30 Juni 1988, bila idhini ya Papa Yohane Paulo wa Pili, aliwaweka wakfu maaskofu wanne. Hukumu ya kutengwa na kanisa ikatangazwa mara. Mwaka 2009 Papa Benedikto aliwaondolea maaskofu wale hukumu hiyo, lakini jambo la uhusiano wao na Roma halikumalizika kwa hilo. Shirika lina nyumba yake hata Nairobi. Na kati ya wale wanne, mmoja alikufa Oktoba 2024 na mwingine Januari 2025, hivyo swali lililomsumbua mzee wao likawarudia wao.

Lefebvre alikufa Machi 1991. Mwaka huo huo, hapa upande wetu wa magharibi ya Kenya, alikufa mzee mwingine ambaye pengine hakupata kulisikia jina la Lefebvre, Simeo Ondeto wa Legio Maria.

Turudi basi nyumbani, kama tulivyoahidi. Legio Maria watu wa Kakamega wanaijua. Wamewaona njiani kwa kanzu zao na rozari zao, na wengi wamewafananisha na makanisa ya Roho ya huku kwetu. Lakini mizizi yao ni ya Kikatoliki. Chama cha Wakatoliki kiitwacho Jeshi la Maria, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921, kililetwa Afrika ya Mashariki na mwanamke wa Ireland mwenye afya dhaifu, Edel Quinn, aliyefika Nairobi mwaka 1936 na kuzikwa huko mwaka 1944. Alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akiwafundisha watu wa kawaida kusali pamoja na kuwatembelea wagonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika nchi ya Wajaluo, watu waliolelewa katika sala za namna hiyo wakamfuata Ondeto, pamoja na mama kijana, Gaudencia Aoko, aliyekuwa amefiwa na watoto. Mwaka 1963 walikuwa wamekwisha kujitenga na kuwa kanisa lao wenyewe, lenye mapadre wake, maaskofu wake na hata papa wake.

Na Misa yao? Waliibeba ile waliyoikuta, pamoja na Kilatini chake, mavazi yake na kupiga magoti kwake. Kanisa la wazungu lilikiacha Kilatini likisema linamkaribia Mwafrika, na Waafrika waliolihama kanisa hilo wakakishika Kilatini kama mali yao. Tunapenda wasomi walifikiri jambo hilo wanapotueleza kwa urahisi ni ibada gani inayomfaa Mwafrika.

Hatuwezi kufuatana na Legio katika yote. Wanavyomwamini Baba Simeo, kwamba ndiye Masihi aliyerudi kati ya watu weusi, ni mbali na Injili tuliyoipokea, na hatutalificha hilo kwa adabu. Lakini katika jambo tunalolizungumza leo wana la kutuambia. Walikuwa na ibada ya kale, na mzee waliyemtegemea kwa kila kitu, naye akafa. Baada yake wengine walikikalia kiti, na urithi huo haukukosa mabishano. Hata hivyo watoto wao wanaijua ibada. Wameisikia tangu mgongoni mwa mama zao. Hapa Nineveh nako, kanisa la Israel lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942 halikuzikwa naye mwaka 1974. Mjane wake aliliongoza, na mwaka 1983 mjukuu akapokea. Lawama za kurithishana ndani ya ukoo tunazijua. Lakini angalau palikuwa na wa kupokea.

Jambo hili la kupokea linaonekana hata nje ya makanisa. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliiandika isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya mambo ya urithi yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa nini kwa haraka, na ngoma tunaisikia kila harusi? Kwa sababu wanaoijua vizuri wamekuwa wazee, na vijana wanaokaa karibu nao kuijifunza wamepungua. Ngoma haikukatazwa na askofu wala serikali. Inakosa mtoto wa kulala karibu nayo.

Sasa tuone hali ya vile vikanisa ilivyo leo. Mwaka 2007 Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliifungua Misa ya kale kwa kila kasisi aliyeitaka, na vijana wengi wakaipenda, jambo ambalo wakubwa wengi hawakulitazamia. Tarehe 16 Julai 2021 Papa Fransisko aliifunga tena kwa sehemu kubwa. Alisema ruhusa ile imetumiwa kuleta utengano, na watu wengine wanaitumia Misa ya kale kulikataa Baraza lenyewe. Tukiwa wakweli, tumesoma maneno ya baadhi yao na hofu ya Papa haikuwa ya bure. Basi akaamuru kila askofu asimamie jambo hili katika dayosisi yake. Vikundi vipya visianzishwe. Misa hiyo isisomwe katika makanisa ya parokia. Kasisi aliyekuwa akiisoma tangu zamani aombe ruhusa ya askofu wake. Kasisi atakayepewa daraja baada ya siku hiyo hawezi kuisoma mpaka Roma iulizwe. Papa Fransisko alikufa Aprili 2025, na Mei mwaka huo akachaguliwa Papa Leo wa Kumi na Nne.

Wasikilizaji wataona hiyo maana yake ni nini kwa kikanisa chenye kasisi mmoja mzee. Yeye aliyeizoea Misa hiyo anaweza kuruhusiwa amalizie siku zake. Kijana wa kumfuata ndiye mwenye mlango mgumu. Safari hii mzee hakutengwa na watu kama wale wa mwaka 1971, ila watu wake wataachwa siku atakapozikwa. Waumini wanabaki na njia zile zile tulizozitaja: kuingia taratibu katika parokia ya kawaida, kama Ken alivyotaka kwa watu wake, kusali peke yao mbele ya madhabahu kimya, kama watu wa Courlay, au kumfuata kasisi asiye na idhini, kama walivyofanya wafuasi wa Lefebvre. Hakuna njia hata moja kati ya hizo isiyomgharimu mtu kitu anachokipenda. Kwa hiyo hatupendi kuwasikia Waprotestanti wakizitaja habari hizi kwa shangwe, kana kwamba nyumba ya jirani ikiwaka moto sisi tunaota.

Tena nyumba yetu nayo ni ya nyasi. Kanisa Anglikana la Kenya limejitungia ibada zake. Ile ya Ushirika Mtakatifu ilitolewa mwaka 1989, na kitabu kizima cha ibada za siku hizi mwaka 2002. Twazitumia kwa furaha, na vijana wetu hawajui nyingine. Lakini katika parokia nyingi ipo ibada ya asubuhi na mapema ambapo wazee huja na Kitabu cha Sala kilichofungwa kwa kitambaa, kurasa zake zimelegea, wengi wao hawahitaji kuzifungua. Mwenye kuongoza mara nyingi ni kasisi aliyestaafu, au msomaji wa kanisa aliyeanza kazi hiyo tangu siku za Askofu Festo Olang'. Viti vya mbele vimejaa. Vya nyuma ni vitupu. Hakuna sheria inayomzuia kijana kuamka saa kumi na moja na kuja kukaa pale.

Mnaosali leo, tunawaomba mwakumbuke makasisi wazee wa Kikatoliki wanaosoma Misa ya kale, na watu wanaowategemea. Mkumbukeni pia askofu wa kila mahali palipo na mzee kama huyo, kwa maana ndiye atakayeandika barua ya kukubali au ya kukataa, naye ni mtu mwenye moyo kama wetu.

Mlango wa nne wa kitabu hiki, ambamo Eli anaketi kando ya njia akingoja habari za sanduku, tutausoma juma lijalo, saa hii hii, Mungu akitujalia uzima.